Mshono Nilioufumua

Ninyi mliobaki kwenye chumba cha kurekebisha nguo hapa Buffalo mmeniomba niandike kazi inavyofanywa, kwa kuwa nimestaafu na macho yangu hayalioni tena tundu la sindano bila kulitafuta. Nitaandika, ila msinisome kama mwalimu. Mama mmoja aliniletea koti la buluu la marehemu mwanawe. Kwenye koti lile kulikuwa na kitu kimoja tu alichotaka kibaki, na mimi nilikiondoa, nikamrudishia koti safi lililopigwa pasi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimefundishwa vizuri. Ndiyo maana nitaanza mwanzo, muone jinsi mtu anavyoweza kufundishwa vizuri na bado asijue kitu.

Nilikuwa fundi cherehani Uvira, Kongo, na baadaye kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Shule niliishia sekondari, baba yangu aliposema kuwa mtu anayejua kukata suruali hatalala njaa. Alikosea, lakini si kwa nia mbaya. Kwetu fundi alisifiwa kwa jambo moja: nguo iliyochanika irudi kwa mwenyewe bila mtu kujua ilichanika wapi. Kiraka kilikuwa aibu ya mvaaji na aibu kubwa zaidi ya fundi. Mteja akileta nguo ambayo mtu mwingine ameishona vibaya, kazi ya kwanza ilikuwa kufumua. Unachukua wembe, unakata ule mshono mbaya, unang'oa nyuzi zote, unapiga pasi ya mvuke mpaka matundu ya sindano yafunge, ndipo unaanza upya. Hatukumwuliza mteja. Nani angetaka mshono mbaya ubaki? Nyuzi za zamani tulizipuliza zikaanguka sakafuni.

Mwaka 2013 tulifika Marekani, mjini Louisville, mimi, mke wangu na binti yetu Riziki. Tulipewa nyumba karibu na bustani ya Iroquois, na mimi nikapata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Walikuwa na cherehani moja ya kushonea mapindo yaliyoachia. Siku ya kwanza msimamizi aliniuliza kama naijua mashine. Nikamjibu kwa kiburi kwamba nimezaliwa nayo. Nikakaa, nikakanyaga pedali kwa uzito ule ule niliokuwa nikikanyagia cherehani yangu ya miguu. Ile ya umeme ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, na kabla sijaondoa mguu nilikuwa nimeshona shuka la hoteli pamoja na mkono wa shati langu. Ilibidi nisimame pale nimefungwa kwenye shuka mpaka mama mmoja wa meza ya kukunja aje na mkasi. Tangu siku hiyo walinisalimu kila asubuhi kwa kunionyesha mikono ya mashati yao.

Kosa lingine la Louisville nilichekwa nalo nyumbani. Riziki alinunua jinzi iliyochanika magotini. Mimi niliikuta kwenye kapu la nguo, nikahuzunika kwamba mtoto wangu anaficha umaskini wake asinisumbue. Alipokwenda kwenye kwaya nikaifanyia kazi mchana kutwa. Niliziba magoti yote mawili kwa nyuzi za rangi tatu mpaka yakawa kama hayajawahi kuguswa na msumari. Alipoiona alinijibu kwa Kiingereza, kama alivyokuwa akinijibu siku hizo, kwamba mashimo yale ndiyo aliyoyanunua. Mke wangu alikaa chini kwa kicheko.

"Baba Riziki," alisema, "kesho utaziba hata madirisha?"

Nilicheka nao. Ningekuwa na akili ningejifunza hapo hapo kwamba nguo iliyochanika ina mwenyewe, na mwenyewe huulizwa. Sikujifunza.

Kazi ya mashuka ilipokwisha, shemeji yangu alituita Columbus, tukahamia mtaa wa Linden. Niliajiriwa kwenye ghala la nguo za msaada, kuzichambua. Nguo nzuri zilikwenda kuuzwa dukani, za kati zilifungwa mabelo ya mitumba ya kupelekwa ng'ambo, na zilizochanika zilitupwa kwenye rundo la matambara. Maisha yangu yote nilikuwa nimeyafungua mabelo yale upande wa pili. Nilikuwa mtu wa kwanza kwenye soko letu kuyatia kisu, watu wakisukumana nyuma yangu. Nilidhani nitafurahi kuona yanakotoka. Badala yake nilisimama siku nzima nikitupa mashati kwa sababu ya tundu dogo kwenye kola, kitu ambacho ningekimaliza kabla chai haijapoa. Sindano haikuruhusiwa ndani ya ghala. Jioni nilirudi nyumbani mikono ikiwa mizima na mimi nikiwa nimechoka kwa namna ambayo kazi haichoshi.

Pale ndipo nilipokutana na Fumiko. Alikuwa Mjapani, mfupi, mwenye umri wangu au zaidi kidogo, aliyekuja mara kwa mara kuchukua jinzi na mashuka kutoka rundo la matambara. Siku moja aliniona nikigeuza kola ya shati niliyotakiwa kuitupa, nikiipima kwa vidole. Akaniuliza mimi ni nani. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa na viraka. Nilimwambia mimi ni fundi, naye akafikiri ndilo jina langu. Akaniita Fundi mpaka mwisho, na sikumsahihisha kwa sababu nilikuwa na muda mrefu sijaitwa hivyo.

Jumamosi alifundisha ushonaji wa kwao unaoitwa sashiko kwenye chumba cha chini cha kanisa fulani. Wanafunzi wake walikuwa Wamarekani waliokuja kutafuta utulivu. Walifunga macho, walivuta pumzi, kisha wakachukua sindano polepole kama watu wanaobeba maji ya moto. Nilikaa nyuma nikiwatazama watu wakijipumzisha kwa kazi iliyoupinda mgongo wangu. Nilikaribia kuondoka. Kisha Fumiko akanipa kitambaa na kusema nishone mistari.

Sindano yake ni ndefu na ngumu, tundu lake kubwa, kwa sababu uzi ni mnene wa pamba. Huchomi na kuvuta mara moja moja. Sindano unaituliza mahali pamoja na kuisukuma kwa kastabini ya ngozi, ambayo hawaivai kwenye ncha ya kidole kama sisi, bali chini ya kidole cha kati, karibu na kiganja. Mkono wa kushoto ndio unaoikunja nguo juu na chini, mpaka sindano ijae mikunjo kama mshikaki. Ndipo unavuta uzi, kisha unaunyoosha mstari wote kwa vidole, kwa nguvu, usije ukajivuta na kukusanya nguo. Ukigeuka mwisho wa mstari unaacha kitanzi kidogo upande wa ndani, maana nguo itafuliwa na itasinyaa. Hufungi fundo. Unarudi juu ya mishono yako michache na kukata. Mshono unaoonekana juu uwe mrefu kidogo kuliko wa chini, kama punje za mchele zilizopangwa.

Nilimaliza kitambaa changu kabla ya wenzangu kumaliza kuvuta pumzi. Fumiko alikichukua, akakigeuza, akasema, "Unashona kama mtu anayefukuzwa."

Nilitaka kumwambia kwamba ni kweli nilifukuzwa. Sikuwa na Kiingereza cha kutosha. Nilianza upya.

Nilichelewa sana kuielewa kazi ile. Kushona niliweza. Kilichonishinda ni kukubali kwamba mshono uonekane. Kiraka kinakaa nyuma ya tundu, uzi mweupe unapita juu ya buluu, na mtu yeyote barabarani anaona kwamba hapa palichanika na hapa palishughulikiwa. Nilipompelekea mke wangu suruali yangu ya kwanza ya mfano huo, aliishika kwa vidole viwili.

"Tumevuka bahari yote hii," alisema, "ili uvae viraka mbele ya watu? Na wewe ni fundi?"

Moyoni nilikubaliana naye.

Fumiko alikuwa na kipande cha tandiko la bibi yake, kutoka sehemu za kaskazini zenye theluji nyingi. Lilikuwa viraka juu ya viraka, na pamba ya mwanzo sijui kama ilikuwa bado ipo. Alituonyesha kwa kidole: mistari hii ni ya bibi, hii ya mama yake bibi, hii iliyopinda ni ya mtu fulani wa nyumbani ambaye hakujua kushona. Alisema sheria moja ambayo aliirudia kila mara nguo ya zamani ilipoingia mezani. Mshono ulioukuta usiufumue. Hata ukiwa mbaya, pita pembeni yake au juu yake. Aliyeushona naye alikuwa akisikia baridi.

Niliitikia kwa kichwa nikasema ndiyo. Mnaweza kuniuliza leo hii na nitawasomea sheria ile bila kukosea neno.

Mwaka 2015 Fumiko alihamia Buffalo kwa dada yake na kufungua chumba hiki mnachofanyia kazi. Aliniita, nami nikaja na familia. Hiyo ndiyo miaka niliyofanya kazi vizuri, nikiwa na cherehani dirishani na meza ya sashiko katikati. Wamarekani walileta jinzi na sweta, na hao niliwashonea kwa uzi mweupe unaoonekana, jinsi walivyopenda. Watu wetu walipoanza kuja, Wakongo wenzangu kutoka mjini na kutoka kitongoji jirani cha Cheektowaga, niliwapeleka kwenye cherehani. Niliwashonea kama Uvira, kufumua, pasi, uzi wa rangi ile ile. Waliondoka wakishukuru, wakisema angalau yupo fundi wa kweli.

Fumiko aliliona hilo. Siku moja aliniuliza kwa nini mezani nina aina mbili za watu. Nikamweleza kwamba kwetu kiraka ni aibu. Akauliza kama huwa nawauliza.

"Nawajua watu wangu," nilimjibu.

Alirudi kwenye kazi yake. Ningependa kuandika kwamba sauti yangu ilisita niliposema maneno yale, lakini haikusita.

Mama Amani alikuja mwanzoni mwa vuli, Fumiko akiwa hayupo, amekwenda kutibiwa jicho moja. Nilimfahamu kwa mbali kutoka kanisani. Wote tulifahamu habari zake. Mwanawe Amani alikuwa akifanya kazi ghalani Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege, na majira ya baridi yaliyopita gari lake liliteleza kwenye barafu alipokuwa akienda kazini. Tulimzika theluji ikianguka, na wanaume tulipokezana koleo kwa sababu hatukutaka mashine ifukie mtoto wetu.

Alilileta koti kwenye mfuko wa duka. Lilikuwa koti la buluu la kazi, zipu imekufa, bitana imeachia kwapani, na mfuko mmoja unaning'inia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba baridi inakuja na anataka kulivaa mwenyewe. Alisema jirani yake amemweleza kwamba hapa kwetu nguo haiharibiwi, inashonwa pamoja na mambo yake yote. Nilisikia, nikadhani anatusifu tu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, atalipata kama jipya. Alinitazama kidogo, akaitikia, "Asante, Baba Riziki," akaenda kupanda basi.

Nililitandaza mezani. Zipu, bitana, mfuko. Kisha nikaona kwenye kiwiko cha mkono wa kulia mpasuko wa zamani, uliofungwa na mtu asiyejua kabisa. Mishono ilikuwa mikubwa, inakwenda huku na huku, imevutwa mpaka nguo imejikunja kama mdomo. Na haukuwa uzi wa nguo. Niliunusa. Ulikuwa uzi wa kusafishia meno, ule mweupe wa nta, wenye harufu ya peremende. Nilicheka peke yangu. Nikafikiri, huyu mama amefiwa na mtoto, atakaaje kanisani na kitu hiki kwenye kiwiko?

Nilichukua wembe. Uzi ule ni mgumu, haukatiki kirahisi, na nakumbuka niliuonea hasira. Niling'oa kila kipande, nikapiga mvuke mpaka matundu yakafunga, nikaweka kitambaa cha rangi ile ile nyuma, nikapita na cherehani kufuata nyuzi za nguo. Nilipomaliza nililiangalia dirishani. Katika maisha yangu yote sikuwahi kushona kiwiko vizuri kama kile. Nyuzi za zamani nilizipuliza sakafuni, nikazifagia.

Mama Amani aliporudi, Fumiko alikuwepo, amekaa mezani na kofia ya kukinga macho. Nilimkabidhi Mama Amani koti likiwa limekunjwa. Alilifungua polepole. Hakuangalia zipu wala mfuko. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kulia, akaugeuza nje, akaugeuza ndani. Akachukua wa kushoto, kama mtu aliyekosea upande. Kisha akarudi wa kulia na kupapasa kiwiko kwa kidole gumba.

"Fundi," alisema, "iko wapi?"

Nilimwuliza nini.

"Mushono ya mutoto."

Sikuelewa, au nilielewa na nikataka muda. Alieleza bila kuinua sauti, kwa Kiswahili cha kwetu Kongo chenye Kifaransa ndani yake, macho yake yakiwa kwenye kiwiko.

"Alishonaga mwenyewe, ku meza, mbele yangu. Chuma ya kazi ilimupasulia. Donc, kwa nyumba hakukuwa uzi, akatwaa ile ya meno. Nilimucheka. Nikamwambia, weye, hii iko mubaya sana, utapata bibi wa kuoa namna gani? Na yeye akacheka." Akakipapasa tena kiwiko. "Vitu yake yote ilinunuliwa. Ni hii tu njo alifanya na mukono yake."

Nilikwenda kwenye pipa. Lilikuwa tupu. Nilitoka nje nyuma ya jengo, nikafungua pipa kubwa la taka, na hilo pia lilikuwa limekwisha kubebwa. Nilisimama pale na kifuniko mkononi. Nilijua nyuzi zimekwisha kupotea, lakini niliendelea kuangalia ndani kwa sababu kurudi chumbani kulikuwa kugumu zaidi.

Niliporudi, Fumiko alikuwa amesimama karibu na Mama Amani. Hawakuwa na lugha moja. Fumiko aliupeleka mkono wa koti dirishani na kuukaribisha kwenye jicho lake zima, akitafuta matundu. Aliyatafuta muda mrefu. Kisha aliniuliza kwa utulivu kama nilitumia mvuke. Nikasema ndiyo. Aliulaza mkono wa koti mezani. Angenigombeza ningepata pa kujishikilia.

Nilimwambia Mama Amani kwamba naukumbuka ule mshono. Na kweli niliukumbuka, kila mkunjo, kwa sababu niliudharau kwa makini. Nilimwambia nitanunua uzi ule ule wa meno, nitafumua kazi yangu, nitaurudisha ulivyokuwa, huku na huku, hata pale ulipojikunja. Nilikuwa nikisema haraka, na tayari nimeshika wembe.

Aliutazama wembe, kisha akanitazama mimi.

"Hapana, Baba Riziki," alisema. "Bon. Itakuwa ya kwako. Haiko ya kwake."

Alilivaa koti pale pale, akafunga zipu mpaka shingoni. Zipu ilipanda vizuri. Alimwinamia Fumiko kidogo, akatoka.

Niliendelea kufanya kazi miezi iliyofuata kwa sababu nguo ziliendelea kuja. Fumiko hakuniondoa. Wala hakuirudia tena sheria yake mbele yangu, na kila nguo ya zamani ilipofika mezani nilikuwa nikiisikia katika kunyamaza kwake. Nilianza kuwauliza wateja wote, Wamarekani na wa kwetu, nani alishona hapa, na hii ibaki au itoke. Mzee mmoja wa Bukavu alinijibu itoke tu, kwani ni kazi ya fundi mlevi. Wengi walisema itoke. Kwa hiyo watu wangu niliwajua kwa sehemu kubwa, na hilo halikunisaidia chochote.

Mkitaka somo, ni hilo la kuuliza kabla ya wembe, na linaenea kwenye karatasi ndogo mnayoweza kuibandika ukutani. Mimi nililisikia kutoka kwa mtu aliyelijua, nikaliitikia kwa kichwa, na mikono yangu ikafanya ilichozoea. Sijui dawa ya hapo. Nilidhani nitakapofika mwisho wa maandishi haya nitakuwa nimeipata.

Mama Amani hakumwambia mtu. Kanisani hunisalimu kwa heshima, Bwana asifiwe, Baba Riziki, na huniulizia afya ya macho. Jumapili moja tukiwa mlangoni, mama mmoja alimshika mkono na kumsifia koti jipya.

"Ni ya zamani," alisema Mama Amani. "Fundi njo aliifanya mupya."

Huwa anakaa mbele, na mimi nakaa safu ya nyuma yake. Wakati wa maombi, wengine wakifumba macho, mimi naangalia kiwiko cha mkono wa kulia. Natafuta mahali palipochanika. Najua ni wapi, nilipashona mwenyewe, na sipaoni.